Picha Iliyozibwa Jino

Kwenye vichanja vya Rumonge, kando ya ziwa, ndagala, dagaa wa huko, hazihesabiwi kuwa zimekauka mpaka Mama Tahira aziume. Jua linaweza kuzipiga siku mbili, mwenye mali anaweza kuapa kwa kaburi la baba yake, na bado mnunuzi atasimama mikono kiunoni akimsubiri. Mama Tahira, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Riziki, huja taratibu na kanga zake mbili. Huchagua samaki mmoja katikati ya kichanja, si pembeni, kwa kuwa pembeni kila mtu hukausha vizuri. Humweka chini ya gego la kushoto na kumvunja. Ikisikika "ka!", gunia linashonwa. Isiposikika, mwenye mali anazirudisha juani na kunyamaza. Malipo ni bakuli moja la ndagala kwa kila gunia, na kwa bakuli hizo aliwalea Tahira na wadogo zake wawili mpaka wote wakapata kwao.

Upande wa kulia hakuna gego. Ya huko yaling'olewa zamani, moja kwa kila mimba, kwa kuwa wanawake wa mtaa wa Waswahili walisema ndivyo inavyokuwa na hakuna aliyebisha. Kazi yote ilikuwa ya kushoto, kulikobaki gego moja. Mwezi wa nne, gego la kushoto likaanza kuuma.

Alilitibu jinsi yanavyotibiwa magego ya huko: maji ya chumvi, halafu karafuu iliyopondwa, halafu ugoro, halafu bismillahi na kulalia upande wa pili. Yote yalisaidia kwa muda wa kusimulia. Kwenye kituo cha afya kulikuwa na Waziri, muuguzi mpole mwenye koleo moja. Alimwambia kwamba yeye hung'oa tu. Anayejua kuziba yuko Bujumbura, na anawaziba watu wenye mshahara.

"Nitoe?" aliuliza Waziri, koleo likiwa tayari mkononi.

Mama Tahira alifunga mdomo. Fundi hatupi nyundo yake kwa sababu mpini umemchoma mkono. Alirudi vichanjani akiwa ameshika shavu, akaendelea kuuma ndagala za watu, na kila "ka!" ilimtoa chozi moja. Wanunuzi walidhani ni moshi.

Hapo ndipo mradi ulipofika.

Mradi uliitwa Tabasamu kwa Wote, nao ulikuja kupunguza tofauti kati ya wenye meno na wasiokuwa nayo. Ungeipunguza kwa njia ya Facebook. Ulifika wiki ya mbalamwezi, wakati mitumbwi inapumzika kwa kuwa ndagala hazifuati taa kukiwa na mwezi, na wanawake wa vichanja wana nafasi ya kusikiliza lolote. Walikalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakapewa soda, kisha msemaji wa mradi, Melkiades, aliyetoka Bujumbura na viatu vilivyochongoka mbele, akawaeleza ubaya wa sukari.

"Bamama, amahoro!"

"Amahoro!"

"Hii vita ya meno tutaishinda na portable. Kila mutu afungue page yetu, aweke moyo, atumie na wengine. Nani hapa iko na smartphone?"

Walikuwa wanawake arobaini na wawili. Mikono mitatu iliinuka, mmoja ukiwa wa mtu aliyetaka kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Melkiades aliandika kwenye daftari lake kwamba hamasa ni kubwa.

Chausiku, mwenye kichanja jirani na kile cha Mama Tahira, hakuwa mwanamke wa kuacha neno lipite bila kulishika mkia. Aliuliza kama mradi umekuja na muganga.

"Mama, muganga anatibu mutu moja. Page inatibu watu elfu mia."

"Basi itutibu," alisema Chausiku, akamalizia soda yake.

Mradi ulihitaji uso. Melkiades alipita katikati ya viti akiwachungulia mdomoni kama anayetaka kujua umri wa mbuzi, mpaka akasimama mbele ya Mama Tahira. Meno yake ya mbele yalikuwa meupe na yamejipanga vizuri. Hayakuwahi kupewa kazi ngumu.

"Cheka, Mama."

"Huku nyuma iko inauma."

"Nyuma haitaonekana."

Mama Tahira alicheka, kwa kuwa aliombwa kwa adabu. Picha ikapigwa, jua likiwa upande wake na ziwa nyuma yake. Kisha akatia dole gumba kwenye karatasi ya Kifaransa iliyosema kwamba yeye ni mfaidika namba moja, akapewa fulana na mswaki. Fulana ilimbana.

Picha iliwekwa kwenye ukurasa siku ya Jumatano. Kufikia Ijumaa ilikuwa na mioyo elfu nne. Jumamosi ikavimba shavu.

Mwanzoni watu walidhani ni kivuli. Jumapili jicho la kushoto la picha lilikuwa limefumba nusu. Haikuwa simu moja tu. Zilikuwa simu zote, za Bujumbura, za Gatete, za Kabonga, na za Warundi walioko Ubelgiji, walioamka wakaikuta hivyo. Watu wakaandika ushauri chini yake. Wa Nyanza-Lac alisema ipakwe chumvi. Wa Bujumbura alisema isile vitu baridi. Mwanamume mmoja aliuliza kama ameolewa. Jumatatu asubuhi picha ikaanza kuguna, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusumbua, na waliokuwa kwenye mikutano wakaziweka simu zao mifukoni.

Melkiades alifanya yote aliyofundishwa. Aliing'arisha picha; ikaguna ikiwa inang'aa. Aliirudisha ile ya kwanza aliyoihifadhi kwenye kompyuta, akakuta nayo imevimba huko huko ilikohifadhiwa. Mwishowe aliikata upande wa kushoto, ili ibaki nusu nzima. Shavu likatoka nje ya fremu, likasogea chini na kuifunika nembo ya wafadhili.

Hapo ofisi ilishtuka. Shavu la mtu ni shavu la mtu, lakini nembo ni jambo jingine. Simu zilipigwa, na siku ya pili yake Melkiades alikuwa Rumonge, anaruka ruka kati ya vichanja asichafue viatu.

"Mama, picha yako iko mugonjwa."

"Ni mimi niko mugonjwa," alisema Mama Tahira. Shavu lake lilikuwa limejaa kama lile la kwenye simu, ila yeye alikuwa amelifunga kwa kitambaa.

"Ego, Mama, naona. Lakini wewe hauko kwenye page."

Alimweleza kwa upole mkubwa. Mradi ulikuwa na fungu la mawasiliano. Haukuwa na fungu la meno. Picha ni mawasiliano. Picha ikiharibika, kuna pesa ya kuitengeneza. Mtu akiharibika, hiyo ni wizara nyingine. Mama Tahira aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Miaka yote aliyoishi ziwani hapo alikuwa ameelezwa mambo mengi na watu wenye viatu kama vile, na kuitikia kwa kichwa ndiko kulikowaondoa haraka.

Alhamisi ikaja gari. Ndani yake alikuwamo Dokta Kaoutar, muganga wa meno kutoka Bujumbura, pamoja na jenereta, mashine ya kutobolea, na kiti cha kupanda na kushuka ambacho Rumonge haikuwahi kukiona. Mgeni njoo, mwenyeji apone: watu walijaa mpaka kwenye madirisha ya ukumbi. Skrini kubwa yenye picha ya Mama Tahira ililazwa kwenye kiti, ikafungwa taulo chini ya kidevu. Mama Tahira mwenyewe aliombwa awepo, ili picha isiogope. Alipewa kiti cha tatu kutoka ukutani.

Dokta Kaoutar alichoma sindano kwenye ufizi wa picha. Ganzi ikaingia, jicho la picha likalegea, kuguna kukakoma. Mama Tahira alisubiri, maana alidhani huenda na yeye ingemfikia kidogo. Haikumfikia. Mashine ikalia. Dokta alitoboa, akatoa usaha, akaua mzizi, akaziba kwa dawa nyeupe, akasawazisha taratibu kama anayepiga lipu nyumba ya shemeji yake.

"Sukutua," alisema.

Picha ikasukutua, ikatema. Mtu wa ukumbi alikuja na kitambaa akafuta sakafu.

Kazi ilichukua muda usiofika saa moja. Watu elfu sita waliitazama moja kwa moja kwenye simu zao, na wanawake wa vichanja waliitazama kupitia dirishani. Shavu la picha lilishuka mbele ya macho yao, nembo ikaonekana tena, na makofi yakapigwa. Dokta aliiasa picha ipige mswaki mara mbili kwa siku kwa maji safi, na picha ikakubali. Mtaani Rumonge, bomba lilikuwa halijatoa maji tangu Jumapili.

"Dokta," alisema Mama Tahira, "na mimi?"

Dokta Kaoutar hakuwa mtu mbaya. Alimkalisha pale pale kwenye kiti, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Alikaa humo muda mrefu.

"Hii jino inaweza kupona, Mama. Ni kazi ile ile nimemaliza sasa. Dawa imebaki, kiti iko hapa, nusu saa tu." Akamgeukia Melkiades. "Nifanye?"

Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne Mama Tahira aliona atarudi kazini akiwa mzima, na alishika mikono ya kile kiti kwa nguvu, kana kwamba kingemtoroka.

Melkiades alifungua karatasi zake. Mfaidika namba moja alikuwa ameshatibiwa. Alikuwa ameshaingia kwenye rapoti, na rapoti ilikuwa imeshatumwa, pamoja na video.

"Mutu moja, jino moja, mara mbili?" alisema. "Docteur, wakaguzi watasema tumeiba."

Dokta Kaoutar aliirudisha sindano kwenye sanduku lake. Kisha akavua glavu. Kiti kilipakiwa garini kikiwa bado na joto la Mama Tahira, na gari likaondoka.

Juma lililofuata homa ilimpanda. Alipelekwa kwa Waziri akishikiliwa na Chausiku, mdomo haufunguki kupita kidole kimoja. Waziri alitandika karatasi mezani, akamtafuta kwenye orodha iliyoletwa na mradi, akampata.

"Wanasema hapa: gego la chini, kushoto, limezibwa, limepona."

"Weka kidole," alisema Mama Tahira.

Waziri aliweka kidole, akakitoa haraka, akakinusa. Alimwamini. Lakini orodha ni orodha, na jino lililoponywa na mradi haling'olewi na kituo cha afya bila maelezo ya kurasa mbili, ambayo nayo huandikwa na daktari, ambaye hayupo. Ni Chausiku aliyesema liandikwe jina lake.

Basi siku ile gego la Chausiku liling'olewa kwenye kinywa cha Mama Tahira. Lilitoka vipande vitatu. Mama Tahira alilia kwa sauti, na Waziri alipomuuliza kama ganzi haijashika alisema imeshika vizuri, alikuwa analilia kazi yake. Chausiku naye, alipokwenda miezi miwili baadaye kwa gego lake mwenyewe, alijibiwa kwamba hilo lilishang'olewa na hata pamba ilishaandikwa.

Giza la mwezi lilirudi. Mitumbwi iliingia ziwani na taa zake, na asubuhi ndagala zilimwagwa vichanjani mpaka waya zikabonyea. Benedicte, mnunuzi wa Gitega, alikuja na lori lake. Alikuwa mwanamke wa haki, na miaka kumi alikuwa amenunua kwa sauti ya gego lile bila kurudisha gunia hata moja. Alisimama mikono kiunoni, akasubiri.

Mama Tahira alichagua samaki wa katikati, akamweka kushoto, akauma. Samaki alilala kwenye ufizi. Akambana zaidi, samaki akapinda. Akajaribu kwa meno ya mbele, yakatoa sauti ya mtu anayebisha hodi nyumba isiyo yake. Wanawake wote walitazama chini. Damu kidogo ilimtoka, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Imekauka," alisema.

"Nimesikia wewe, Mama Tahira. Jino sijalisikia." Benedicte alisikitika kweli, ilionekana. "Pole sana. Lakini siwezi beba gunia makumi ine mpaka Gitega ju ya pole."

Akatoa simu, akafungua ukurasa wa Tabasamu kwa Wote, akainua ndagala mpaka kwenye midomo ya picha. Picha ilifungua mdomo. Ilimpokea samaki, ikamsogeza kushoto kwa ulimi, ikauma. Ka!

"Imekauka," alisema Benedicte. Gunia likashonwa.

Wenye vichanja wakaendelea kushona, kwa kuwa sauti ilikuwa ile ile na magunia yalikuwa mengi. Juma halikuisha kabla kila mnunuzi hajaanza kuja na picha yake. Iliuma vichanja kumi kwa wakati mmoja, jambo ambalo Mama Tahira hakuwahi kuliweza hata akiwa mzima. Ilikuwa haichelewi, haiendi msibani, haiongei. Bakuli la kila gunia halikuwa tena na pa kwenda, hivyo wanunuzi wakawa wanalirudisha guniani.

Siku moja Mama Tahira alimfuata Benedicte mpaka kwenye lori.

"Ile jino ni langu, Benedicte."

"Ego, ni lako," alisema Benedicte, ambaye hakuwa mtu wa kubishia ukweli. "Lakini mega za simu ni zangu."

Mama Tahira alipeleka neno hilo kwa Chausiku, labda lina upande wa pili ambao yeye hakuuona. Chausiku aliligeuza mdomoni.

"Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo," alisema. "Wao hawakuona hili. Pengo ni lako, jino ni la watu."

Picha ilianza kunenepa. Ilikuwa inakula kila inachokiuma, ndagala za kila kichanja, siku nzima, na kufikia mwezi wa tisa ilikuwa na kidevu cha pili na ngozi inayong'aa. Mama Tahira alikunywa uji, akanywa mchuzi, akachovya ugali ndani ya mawese mpaka ulegee, akapungua. Fulana ya mradi ikamkaa vizuri. Rapoti ya robo mwaka ilisema kwamba lishe ya wanawake wa mwambao imeboreka kwa namna inayoonekana kwa macho.

Melkiades alirudi mwezi wa kumi, amebadilisha viatu. Wafadhili walikuwa wamefurahi. Mradi ungeongezewa miaka miwili na ungefika mpaka Kabonga. Alimkuta Mama Tahira amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anawachambulia wenzake takataka kwenye ndagala, kazi inayopewa vizee na wageni.

"Mama, tunahitaji wewe tena."

Mama Tahira aliinuka. Alijipangusa mapaja, akajitengeneza kanga kichwani, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na tumaini lote la ile siku ya kiti.

"Dokta amekuja?"

"Oya, Mama, hajakuja. Kuna kitu kidogo tulisahau." Melkiades alitoa simu, akamwonyesha picha ile, nene, inang'aa, gego la kushoto likionekana jeupe kwa nyuma. "Hii ni Baada. Iko nzuri kabisa, kila mutu anaipenda. Tunakosa Kabla. Wafadhili wanataka waone mutu alikuwa namna gani, mradi ukiwa haujamufikia."

Chausiku, kwenye kichanja cha jirani, alisimamisha mikono. Mama Tahira aliitazama picha, nayo ikamtazama kama mtu mnayefanana asiyekumbuka mlikutana wapi.

"Na hiyo ya Kabla," aliuliza, "ikivimba, mutaitibu?"

Melkiades hakuwa amelifikiria. Alilifikiria pale pale, kwa uaminifu, akiwa amesimama kwa ncha za viatu.

"Hiyo hapana, Mama," alisema. "Ya Kabla tunaiacha vile iko. Tukiitibu, tutaonyesha nini?"

Jambo hilo lilikuwa na akili yake, na wanawake waliokuwa karibu walikubali kwamba lina akili. Melkiades alimwomba avue kitambaa cha kichwa, asimame mahali pasipo na ziwa, asicheke. Akamwomba pia avute shavu kwa kidole, ili pengo lipate mwanga. Mama Tahira aliligeukia jua, kwa kuwa kazi yoyote ya vichanjani alizoea kuifanya vizuri, akafungua mdomo.